Mstari Alioruka Komeo

Pale ofisini walimwita Komeo, na usidhani ni jina la kubembelezana. Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo, vyumba vitatu juu ya duka la rangi, na kazi yao ilikuwa kutengeneza programu ya kuhifadhia siri za kampuni nyingine: nywila, funguo za mitambo, vitu ambavyo mtu mwenye akili habandiki ukutani, ingawa wapo wanaobandika na wana digrii zao. Programu hiyo waliiita kabati. Mwenye kampuni alikuwa kaka yake Komeo. Komeo ndiye aliyeandika zile sehemu mbili ambazo kila mtu alizichukia: ya kumbana mtu athibitishe kuwa ni yeye kweli, na ya kuweka kumbukumbu ya kila alichogusa.

Ukitaka kufungua siri kwenye kabati la Komeo, nywila peke yake haikutoshi. Unatumiwa namba kwenye simu, unaiingiza, halafu unaulizwa sababu, na ukiandika "kazi" tu unakataliwa. Ukishafungua, mstari unaandikwa: nani, lini, siri ipi, kwa nini. Tena kila mstari umebeba alama ya ule uliotangulia, kwa hiyo ukichomoa mmoja katikati, yote inayofuata inakusemea. Mhasibu aliwahi kumwomba amfutie mmoja tu, alikuwa amefungua siri ya idara nyingine kwa bahati mbaya na aibu imemjaa. Komeo akamjibu kwa macho makavu kwamba bahati mbaya nayo ina mstari wake. Mhasibu hakumsalimia tena.

Hana dogo mwanamke yule, tuseme ukweli. Ila kama ofisini walimnunia, kaka mtu alimchukia hasa. Wale wawili hawapikiki chungu kimoja tangu wakigombania kitanda cha juu. Sasa kaka mtu alikuwa anataka mlango wake mwenyewe wa kuingilia kabatini, usioulizwa chochote.

"Mwenye nyumba anabisha hodi kwake?" alimuuliza siku moja mbele ya wafanyakazi.

"Anabisha, kaka, kama ndani mna vitu vya watu."

Kaka mtu akajitia hamnazo. Akangoja mpaka Komeo alazwe kwa upasuaji, ndipo akaleta fundi wa kukodi, akajengewa anachokitaka: nywila moja, hakuna namba, hakuna sababu, hakuna mstari. Dada yuko wodini na nyuzi tumboni, yeye anachongewa mlango. Mtu wa namna hiyo utamwitaje?

Komeo aliporudi kazini aliusoma msimbo wote wa programu, kama anavyosoma siku zote, akauona. Hakusema kitu ofisini. Alisubiri Jumamosi, siku ambayo wote wawili hula mchana kwa mama yao, na sahani zilipoingia tu kwenye beseni akamtolea uvivu. Mama aliwasikia walivyoanza, akachukua mkoba akaenda kwa jirani, maana anawajua wanawe.

Kaka mtu naye alipandwa na mori. Akamwambia yeye si mhandisi, ni mlinzi wa geti aliyesomeshwa. Akamwambia mume wake hakuondoka bure, alichoka kuhesabiwa pumzi. Hilo lilimchoma Komeo mpaka kwenye mfupa, lakini alisimama. Kaka mtu akachomoa simu amwonyeshe jinsi mlango wake ulivyo rahisi, Komeo akaipokonya, akaitosa kwenye beseni la vyombo. Kaka mtu akaingiza mkono kuitafuta, na hapo ndipo akatamka lile neno.

"Wale wateja wetu wa bima ni mbumbumbu," alisema, povu la sabuni likimchuruzika mkononi. "Nimeshaingia kwenye siri zao mara ngapi? Nimesoma hata bei wanazopewa na washindani wetu. Wamejua? Hawajui kitu."

Wakaendelea kutukanana mpaka mama aliporudi, jua limeshapoa.

Jumatatu ikaja na balaa. Kampuni ya bima, mteja wao mkubwa kuliko wote, iligundua imeibiwa nywila za mitambo yake. Kompyuta inayobeba kabati ilionyesha zilisomwa Jumamosi mchana, bila kusema na nani, na dakika hiyohiyo mtu akaanza kuzitumia. Mkaguzi wa bima, mama mmoja mtaratibu asiyecheka, aliletewa kumbukumbu zote pamoja na msimbo, akauona mlango. Kila aliyeingia kabatini siku ile alikuwa na mstari wa kumtetea. Mhasibu alikuwa nao, akaonekana alifungua nini na akaachwa aende. Katibu alikuwa nao. Aliyekosa mstari ni mmoja tu, yule aliyeulipia usiwepo. Nywila ya mlango ule kaka mtu alikuwa akiitumia kila mahali, mpaka kwenye tovuti ya kuuzia magari, na mwizi aliipata huko au kwingine, hadi leo haijulikani. Kwa mkaguzi ilikuwa wazi: mwenye mlango ndiye mwizi, na faili lingekwenda polisi jioni ileile.

Kwenye ngazi za jengo la bima, kaka mtu alimshika Komeo mkono.

"Mdogo wangu," alisema, neno ambalo alikuwa hajalitumia tangu baba yao azikwe. "Mimi sina shahidi mwingine. Ni wewe tu uliyekuwa na mimi."

Komeo alimtazama shati lilivyomlowa, akamwonea huruma, akajichukia kwa huruma hiyo.

Ndani, mkaguzi alifungua kompyuta yake akamwambia, "Dada, nieleze Jumamosi mchana kaka yako alikuwa wapi na alikuwa anafanya nini."

"Alikuwa jikoni kwa mama yetu, ananitukana."

"Muda wote?"

"Muda wote. Hajambo kwa hilo."

"Alikuwa na simu?"

"Simu ilikuwa kwenye beseni la vyombo. Niliitosa mimi."

Mkaguzi akainua macho. "Alisema nini? Nahitaji kujua kama kweli ulikuwepo au umefundishwa."

Komeo akasema yote kwa mpangilio, bila kupepesa. Akasema la mlinzi wa geti. Akasema la mume, sauti ikamkatika kidogo, akalirudia vizuri ili liandikwe sawasawa. Kaka mtu, aliyeketi pembeni yake, alikuwa anaangalia zulia. Akasema jinsi alivyopokonya simu. Kisha akafika kwenye lile neno la bima.

Alimeza mate. Aliwaza mshahara wa mhasibu asiyemsalimia, na wa katibu, na wake mwenyewe. Alimwaza mama akiambiwa.

"Halafu?" mkaguzi akauliza.

"Halafu tukaendelea kutukanana mpaka mama akarudi. Ni hayo tu."

Mkaguzi alichapa, akasema matusi ya namna ile mtu hatungi. Angempigia mama yao athibitishe alivyowakuta, lakini kwa wizi wa Jumamosi haoni sababu ya kuwaita polisi juu ya kaka. Wanaweza kwenda.

Kwenye korido, wakisubiri lifti, kaka mtu alianza kucheka chinichini.

"Umeruka mmoja," alisema.

Komeo akabonyeza tena kitufe cha lifti.

"Nimekuona. Umefika pale, umemeza, umeruka." Akamgonga begani. "Miaka yote unatukalia kooni na mistari yako, kumbe likiwa la nyumbani unajua kuchomoa. Karibu sana. Nitakuwekea na wewe nywila ya mlango ule, tuwe wawili."

Lifti ikafunguka. Akaingia, akazuia mlango kwa kiatu. "Ingia basi, twende."

Komeo alikuwa na hasira, na chini ya hasira hiyo alikuwa bado anampenda, jambo lililomuudhi kuliko yote. Alijua akirudi kule ndani mkataba umekufa, na kampuni pamoja nao, na Jumamosi hakutakuwa na mtu wa kula naye kwa mama. Akageuka. Nyuma yake alisikia kaka yake akimwita, kwanza Komeo, kisha mdogo wangu, kisha kwa jina lake alilopewa na baba yao.

Akabisha mlango wa mkaguzi.

"Umesahau kitu, dada?"

"Sikusahau, mama. Niliruka," alisema Komeo, akavuta kiti. "Kuna mstari mmoja. Naomba uandike."