Sawa Niliyomwambia Mama Neema

Nakumbuka Krismasi moja, mwanangu, niliyoimba mchana kutwa na roho isitulie hata dakika moja. Nakuandikia wewe uliyeanza kuimba nasi juzi, kwa kuwa Desemba ikikaribia simu zitakuwa nyingi, na sauti yako watu wameshaanza kuiulizia.

Tulikuwa waimbaji wanane, wote wa Magongo, na mimi ndiye niliyeanzisha nyimbo. Kuimba mbele ya watu sikuogopa. Kuzungumza nao ndiko kulikonishinda. Mtu mzima akiniomba jambo, nilitazama chini nikasema sawa, hata kama moyoni najua siwezi.

Mwaka ule watoto wa Bibi Kadzo wa Bofu walitukodi tuwaimbie saa kumi alasiri. Bibi huyo ndiye aliyenifundisha kuimba nikiwa mdogo, kabla hajahamia huko Bofu, upande wa Likoni, ng'ambo ya feri. Sasa macho yake hayakuona tena, na kesho yake wanawe walikuwa wanampeleka Kaloleni akakae huko moja kwa moja. Walitaka tuwaongoze waimbe naye wote wakiwa pamoja, na Karisa, mwanawe wa kwanza, alikuwa anaingia zamu bandarini jioni ile ile.

Asubuhi tulipotoka kanisani, Mama Neema, mlezi wa kwaya yetu, akanishika mkono. Akasema ana wageni kutoka bara, tupite kwake saa saba tuwaimbie nyimbo mbili tu. Wenzangu wakanitazama.

"Sawa, mama," nikasema.

Nyimbo mbili hazikuwa mbili. Wageni walikuja kwa makundi, na kila kundi likataka tuanze upya. Kisha pilau ikateremshwa, na unajua mwenyewe, si rahisi kuaga kwa watu chakula kikipakuliwa. Nilitafuna bila kuonja. Nikatazama saa ya ukutani, nikatazama simu, nikatazama mlango. Mwadime, aliyekuwa akitupigia kayamba, akaninong'oneza, "Huo mguu wako umeshavuka feri, wewe bado uko Magongo." Wenzangu wakacheka. Mimi nilitaka kulia. Neno moja tu lingetutoa pale. Karisa akapiga simu mara mbili. Nikaona haya kupokea, nikamwandikia kwamba tuko njiani. Hatukuwa njiani.

Tuliondoka saa kumi imeshapita. Kivukoni watu walijaa na watoto wao waliovaa nguo mpya, na feri mbili zikatuacha. Tulifika Bofu karibu na saa kumi na mbili. Viti vilipangwa uani, vingi vitupu. Karisa alikuwa ameshakwenda kazini. Bibi Kadzo alikaa mkekani, leso mpya begani. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ni wewe? Mmekula?"

Nikajibu tumekula, nikaanza kueleza habari za feri. Akanizuia kwa mkono.

"Feri siilaumu. Ungetwambia mapema kuwa mtachelewa, tungeimba wenyewe. Karisa ana sauti. Hata jirani yangu Mwanaisha anazijua nyimbo zangu, miaka yote anazisikia kupitia ukutani. Lakini watu wamekaa kimya wakingoja waimbaji. Mwanangu ameondoka, hatukuimba naye."

Tukaimba. Bibi akaitikia polepole, kwa adabu, kama mtu anayekula chakula kisichokuwa chake. Sauti yangu siku hiyo ilitoka vizuri mno, na hilo liliniuma zaidi.

Wiki iliyofuata nilijikaza nikamweleza Mama Neema. Alishangaa. "Mbona hukusema? Ningewaachia mwende." Kumbe aliyenifunga pale kwake ni mimi mwenyewe.

Basi, mwanangu, kunyamaza kule nilikudhani heshima, na kulikuwa woga. Anayekukodi amekabidhi nyumba yake kwako. Watu wake wenye sauti wananyamaza kwa sababu wewe umesema unakuja. Kwa hiyo ukiona huwezi, sema huwezi, tena mapema, hata kwa sauti ndogo, hata ukitazama chini. Ukichelewa, pokea simu useme ukweli. Mtu atanuna kidogo, kisha ataanzisha wimbo mwenyewe.

Mungu akulinde na akutunzie sauti yako. Akupe na ulimi wa kusema hapana, ili pasiwe na mama atakayekosa kuimba na mwanawe kwa sababu ya kukungoja wewe. Amina.