Mzigo Usio na Mwenyewe

Siku hizi kila nikipanda treni ya asubuhi kwenda mjini Dar es Salaam, kipaza sauti hutukumbusha: abiria chungeni mizigo yenu, ukiona mzigo usio na mwenyewe toa taarifa. Watu hawainui hata kichwa. Mimi huguna. Mzigo wa namna hiyo niliwahi kuutolea taarifa, na aibu yake ninayo mpaka leo.

Nilikuwa mwalimu kijana, mtu wa kuja kutoka kanda ya ziwa, nimepangiwa Ruangwa. Reli ya Nachingwea ilishang'olewa kabla sijafika. Tulikuwa na basi moja bovu la kwenda Nachingwea na kurudi, na siku likigoma tulidandia lori la korosho. Lakini nalikumbuka basi lile kwa mapenzi, maana ulinzi wake sijauona tena popote. Vita vya ng'ambo ya Ruvuma vilikuwa jirani, na watu walihofia mabomu ya kufichwa kwenye vifurushi. Kwa hiyo kabla ya kuondoka Nachingwea, utingo alinyanyua kila mzigo na kuuliza, "Wa nani huu?" Mwenyewe alijibu "Wangu" kwa sauti, wote wasikie. Usiojibiwa haukusafiri. Basi zima tulikuwa walinzi, na mimi, kwa kiherehere changu, nikajifanya jemadari wao.

Siku moja utingo akanyanyua furushi la shuka la bluu, limefungwa kwa kamba ya katani.

"Wa nani huu?"

Akauliza tena. Sauti ya kizee kutoka mbele ikasema taratibu, "Mwenyewe hayupo."

Nikasimama. "Mmesikia? Mwenyewe hayupo. Shusha, au mnataka tulipuke?"

Utingo alisitasita, lakini abiria wakaniunga mkono. Furushi likaachwa kando ya stendi, tukaondoka. Nilikaa nikijiona mtu wa maana kweli.

Tulikuwa tumekwenda kama saa nzima nilipomwona bibi wa kiti cha mbele yangu analia, machozi tu, bila sauti.

"Shikamoo bibi. Kulikoni?"

Alizoea Kimwera, Kiswahili alikitafuta neno kwa neno. Akaniambia lile furushi lilikuwa na nguo za mwanawe, aliyefia Nachingwea alikokuwa kibarua. Kesho yake ilikuwa arobaini, ndugu wanakaa kuzigawa. Hakuwa na kingine cha kuwapelekea.

"Sasa bibi, mbona hukusema ni wako?"

Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto mpumbavu. "Si wangu, mwalimu. Ni wa marehemu. Ndugu hawajakaa. Niseme wangu mbele ya watu wote hawa, si nitakuwa nimedhulumu?"

Sisi wengine tungesema "wangu" bila kufikiri, hata kwa kitu cha jirani. Nikamwendea dereva, nikamweleza. Akanijibu kwamba kichwa changu kimejaa chaki, na kwamba dizeli yenyewe ni ya kubahatisha. Alikuwa na haki. Lakini mtu mmoja kule nyuma akasema, "Geuza gari. Leo kwake, kesho kwetu." Hakuna aliyepinga, hata mama mwenye matenga ya kuku waliokuwa wanahema kwa joto. Abiria wale ninawakumbuka mpaka moyo unauma.

Njia nzima nilimwomba Mungu lisiwe limeibiwa. Tulilikuta palepale. Watu wamesimama mbali wanalitazama, hakuna aliyethubutu kuligusa, kwa hofu ileile niliyoipigia mbiu mimi mwenyewe asubuhi.

Utingo akalinyanyua. Utaratibu ni utaratibu.

"Wa nani huu?"

Bibi akainamisha kichwa. Basi zima likanigeukia.

"Nalijibia mimi," nikasema.

Nikalipakata mpaka Ruangwa. Lilikuwa jepesi mno kwa vitu vya mtu mzima. Ndani mlikuwa na kiatu, na kila tulipopita shimo kisigino chake kilinichoma pajani. Sikulisogeza.

Ruangwa tuliwakuta ndugu zake waliotembea kutoka Nambilanje, wamechoka kungoja. Nikashuka nalo. Bibi akalipokea kwa mikono miwili, akalikumbatia.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Umemfikisha."