Wa Tano Yuko Njiani

Kazi ilikuwa moja na sisi tulikuwa watano, na bado tulijiandaa pamoja. Mtu wa kwingine atatucheka, lakini ndivyo tulivyozoea kulima: leo shamba lako, kesho langu, hata kama sokoni tutamgombania mnunuzi mmoja.

Kampuni kubwa ya simu ilitafuta msimamizi wa antene zake, ile minara ya simu, huko Masisi na Walikale. Pamoja na kazi ilikuja nyumba ya bati huko Kirolirwe. Hiyo nyumba ndiyo iliyonitia wazimu. Mimi na mama yangu tulikuwa mwaka wa nne chini ya turubai katika kambi ya Kashuga, na mlima wetu wa maharage na mihogo tunauona kwa macho bila ruhusa ya kuukanyaga. Mvua ikinyesha mama alikuwa analala amekaa. Nilikuwa tayari kujibu swali lolote la mtu yeyote, mradi alale amejinyoosha.

Maswali tulifundishwa na dada mmoja mzaliwa wa Mpofi, kule Walikale, aliyekuwa anaishi kwa shangazi yake hapo Kashuga. Yeye alikuwa amewahi kufanya mahojiano ya namna hii Goma. Alishindwa, akarudi na kushindwa kwake kama somo. Mara tatu kwa juma, tukitoka vibarua vya shamba, tulikaa naye kwenye mabenchi ya kanisa: yeye, mimi, na wanaume watatu, mmoja wao mwalimu wa shule ya msingi. Alisema watatuuliza juu ya tabia zetu, kila swali likianza na "Tueleze siku moja." Siku uliyogombana na mwenzako. Siku uliyokosea. Na wewe unapaswa kueleza mambo yalivyokuwa, ulichofanya, na kilichotokea mwishoni.

"Musibaletee vita," alituonya. "Vita kila muntu iko nayo. Mulete maharagi."

Basi nikaleta maharage. Nilieleza siku nilipomtukana jirani mbele ya watu kwamba mbegu alizonipa zilioza, kisha nikagundua zilioza nyumbani kwangu, chini ya kitanda changu, kwa uvivu wangu mwenyewe. Nilimwomba msamaha mbele ya watu walewale. Dada alicheka hadi akashika benchi.

"Njo hiyo! Lakini usikimbie. Unasema mbio kama muntu banafukuza. Sema polepole, bakusikie."

Ni kweli, mimi si mtu wa polepole. Nimewahi kuyatukana maharage yenyewe kwa kuchelewa kuiva.

Baada ya maswali ya mmoja mmoja kungekuwa na mazungumzo ya kundi, watu watano wanapewa jambo na wakubwa wanawasikiliza. Hapo dada alikuwa na kanuni moja. Yeye anafungua, kwa ile sauti yake ya chini, na kila anayefuata lazima kwanza alishike neno la aliyetangulia: "Kama dada alivyosema..." Alituambia anayejenga juu ya neno la mwenzake ndiye anayeonekana. Tulirudia mpaka likatutoka mdomoni bila kufikiri, kama amina.

Zilibaki siku kumi dada alipokwenda Mpofi kumwona mama yake. Siku mbili baadaye barabara ya huko ikafungwa kwa mapigano, kuanzia Kalembe. Simu yake iliita bila kupokelewa, halafu ikaacha hata kuita.

Hapa lazima nieleze jambo letu moja. Kwetu, mtu aliye njiani hasemwi kwamba hayupo. Njia zetu zimemeza wengi, na kumtamkia mtu "haiko", yaani hayupo, ni kumfungia mlango kwa mkono wako mwenyewe. Tunasema anakuja. Kwa shangazi yake walimpakulia kila jioni na kufunika sahani. Sisi kanisani tuliacha nafasi yake kwenye benchi. Ilipofika zamu ya kufungua mazungumzo tulinyamaza kwa muda ambao yeye angesema, kisha mwalimu akadaka: "Kama dada alivyosema." Siku ya kwanza tulicheka. Siku ya pili hakuna aliyecheka.

Alhamisi asubuhi, siku ya mahojiano, tulipanda pikipiki hadi Kirolirwe. Kulikuwa na ukungu mzito, na ng'ombe wa watu walikuwa wamesogea hadi kwenye madirisha ya ukumbi, wakichungulia ndani. Mlinzi alikuwa ameweka kompyuta moja katikati ya meza na viti vitano kuizunguka, kwa sababu karatasi yake ilisema watano. Wakubwa wenyewe walikuwa Goma. Waliuliza kwanza mmoja mmoja, na mimi nikatoa maharage yangu yaliyooza. Jina la dada lilipoitwa, mwalimu alijibu kwamba yuko njiani, nao wakasema watamrudia baadaye.

Kisha likaja kundi. Mtandao ulikuwa unakatika, wakatuambia tuzime picha.

"Tubakie na sauti tu," alisema mama mmoja kutoka Goma. "Muko bote batano?"

Tulitazamana. Mimi mwenye ulimi usiosubiri nilinyamaza. Ningesema hayupo, ningekuwa mimi niliyemfungia mlango.

"Tuko bote," mwalimu akajibu.

Walitupa jambo: kijiji kinakataa antene, watu wanasema italeta magonjwa, mtaanzia wapi? Kukawa kimya. Hatukupanga, lakini sote wanne tuligeukia kile kiti cha tano. Huko Goma nao hawakusema kitu, hawakuuliza kama tunawasikia. Kimya kilichukua muda wa mtu kutoa wazo lake kamili, akameza mate, akamalizia. Nilitaka kutoka nje nikakae na ng'ombe.

"Asante, dada," mmoja wetu akasema. "Kama dada alivyosema, tuanzie kwa bamama ba kisima."

Tukalishika neno hilo na kupanda juu yake. Kwamba chifu asiulizwe kwanza, kwa maana chifu atakubali mbele na kukataa nyuma. Kwamba kina mama wa kisimani ndio wanaojua kijiji kinaogopa nini hasa. Kwamba fundi wa antene apewe chumba kijijini, alale humo na watoto wake, watu waone kama ataugua. Yalikuwa mawazo mazuri sana, na hata moja hatukuwahi kulisema kanisani. Nimewauliza wanaume wale watatu mara nyingi ni nani aliyetaja kisima kwanza. Kila mmoja anamtaja mwingine.

Jumatatu simu yangu iliita. Alikuwa yule mama wa Goma, na moyo wangu ulikimbilia moja kwa moja kwenye nyumba ya bati. Kumbe alikuwa anamtafuta dada.

"Namba yake haipite. Yeye njo alipita bote, hata bila maswali ya peke yake. Ule wa sauti ya chini, mwenye kusema polepole."

"Mulimusikia?" niliuliza.

"Vizuri sana. Wewe uko wa pili. Kama hatumupate mupaka siku ya tano, kazi iko yako." Kwetu siku ya tano ni Ijumaa.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Huyu hakuwepo, na lake likawa kubwa kuliko letu sote. Kwanza nilikasirika. Halafu nikajipa akili: wanawake tulikuwa wawili tu kwenye orodha, bila shaka walisikia sauti yangu wakaiandika kwenye mstari wake. Ila nani katika dunia hii amewahi kunisikia nikisema polepole?

Tangu saa ile nilitaka apatikane na nilitaka asipatikane, yote mawili katika pumzi moja. Sikuweza kumtazama shangazi yake akifunika ile sahani. Jumatano niliposikia barabara imefunguliwa nilikwenda Mpofi, na njia nzima sikujua ninaomba nini.

Mama yake alikuwa mlangoni anamenya mihogo. Nilimwambia mimi ni mwenzake wa Kashuga, niliyejiandaa naye kwa kazi. Alinipa kigoda kabla ya kunijibu.

"Tulimuzika, mwanangu. Homa ilimukamata, na njia ya kwenda hospitali ilikuwa ya kufungwa. Tulimuzika siku ya ine."

Alhamisi. Asubuhi tuliyokaa mezani.

Nyumba ikawa yangu papo hapo. Sitadanganya, hilo nililiwaza kabla ya machozi, na aibu yake ninayo hadi leo mama yangu anapojinyoosha kitandani na kunibariki.

Nilipoweza kusema, nilimwambia kwamba binti yake ndiye aliyeshinda. Wakubwa wa Goma walimsikia, wakamchagua kuliko sisi sote. Nilingoja anifukuze kama mwongo au mchawi. Aliweka kisu chini, akapangusa mikono kwenye kitenge chake.

"Alisema nini?"

"Mama, hakuwa..."

"Nakuuliza alisema nini. Anza pa mwanzo."

Nikaanza. Nilimweleza kisima, chifu, fundi na watoto wake. Alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno, "Ndiyo, njo vile anasemaka," na mimi sikupata hata sentensi moja ambayo ningeapa kwamba ni yangu. Nilipomaliza, wadogo zake dada walikuwa wanaingia kutoka shamba na majembe begani. Mama yao akawaketisha chini, akaniomba nirudie ili nao wasikie.

Nikarudia. Mara hiyo ya pili nilisema hata maneno ambayo hatukuyasema Kirolirwe, na hakuna aliyenikatiza.