Mguu wa kushoto wa Baba Zuhura

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana hata mashangazi zangu wanafuatilia ukurasa huu. Nina miaka thelathini na moja, natokea Mkunya, Newala, mama wa watoto wawili. Mume wangu ni mtu wa Lupaso, alikuja kuoa kwetu na tumejenga kwenye shamba la mama yangu, ndiyo desturi yetu. Ni mkaidi kama mbuzi wa kuburutwa, lakini nampenda.

Mwezi uliopita alipanda mkorosho kukata matawi makavu. Nilimwambia asubiri umande ukauke, akasema namchelewesha. Tawi likakatika naye. Hospitali wakampiga picha, pingili mbili za uti wa mgongo zimevunjika.

Daktari alisema kwa kuwa miguu yote inahisi na kusogea, njia ni mbili: apasuliwe awekewe vyuma, au alale chali miezi, akigeuzwa kama gogo, kisha avae mkanda mgumu hadi mifupa iunge. Kila njia ina hatari yake. "Ila mkiona ganzi au mguu unalegea, niambieni siku hiyohiyo," akasema. "Hapo kusubiri kunaweza kumlemaza."

Kwetu mwenye mtu ni mjomba, yeye ndiye mwenye kauli ya mwisho. Mjomba wake alipofika nilimwamkia shikamoo, marahaba yake ikatoka kwa shida.

"Mama Zuhura," akaniambia, "dada yangu aliingia chumba cha upasuaji anaongea, akatoka amefunikwa shuka. Huyu ndiye mtoto aliyeniachia. Nilikukabidhi mzima. Kama ni kumpasua, nirudishie nikamuuguze mwenyewe."

Mume wangu akaitikia, "Mjomba ameshasema." Basi, ikawa ni kulala hapohapo wodini.

Simchukii yule mzee. Ndiye anayemlisha uji, na akidhani hakuna anayemwona, analia.

Juzi namwogesha mume wangu kitandani, akaninong'oneza, "Mama Zuhura, mguu wa kushoto siusikii vizuri. Usimwambie mtu. Mjomba akisikia habari ya kisu atanibeba hadi Lupaso, na kwa barabara ile mgongo huu haufiki." Akanishika mkono mpaka nikaapa.

Nikisema, mjomba atamchukua. Asipomchukua, akapasuliwa akafa, ukoo mzima utasema nimewarudishia maiti. Nikinyamaza, nimemlemaza mimi, na watoto wake watakuja kuniuliza.

Nilijipa moyo kwamba labda ni uchovu wa kulala. Leo asubuhi nikamkuna unyayo wa kushoto kwa ukucha, kwa nguvu. Alikuwa anaongea na mjomba wake habari za korosho. Hakukatiza hata neno.

Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngevunja kiapo? Nishaurini, ila msinitukanie mjomba. Daktari anapita wodini kesho asubuhi.