Alama ya Sururu Kwenye Mfupa

Mfupa ule uliondoka bondeni karibu na Mkwajuni, huko Songwe, umefungwa plasta nyeupe, kama mguu wa mtu aliyevunjika. Mume wangu aliondoka siku hiyohiyo, kwa pikipiki, amefungwa khanga yangu.

Tulikuwa vibarua, yeye wa kuchimba, mimi wa kusomba udongo kwa karai. Wataalamu walitafuta mifupa ya wanyama wa kale iliyogeuka mawe. Mfupa wenyewe waliusafisha kwa brashi. Sururu iliruhusiwa juu tu, kwenye udongo mtupu. Asubuhi ile sururu ya mume wangu ilizama kuliko alivyodhani, ikagonga mfupa. Ncha yake ilikuwa imemeguka, imebaki na vijino viwili, ikaacha vishimo viwili pamoja, kama alama ya ukwato wa mbuzi.

Msimamizi wa vibarua, mtu wa kwetu kabisa, alichungulia akasema, "Pakeni plasta hapo upesi, wakubwa wasione."

Wakapaka. Kisha, ili kufidia muda, akataka tuchimbe chini ya ukingo. Mume wangu akamwonyesha ufa juu yetu.

"Bosi, ukingo huu umechoka."

"Umechoka wewe. Mpe mkeo sururu, uchukue karai."

Wenzetu wakacheka, mume wangu akaingia chini, nami nikamfuata na karai. Ukingo ulishuka kabla ya chakula cha mchana. Mimi ulinifunika hadi kifuani, wakanifukua kwa mikono. Yeye walimfikia ameshakata roho.

Waliomuua nitawataja kwa vyeo vyao, majina yao hayastahili wino wangu. Msimamizi aliwaambia wakubwa kwamba mume wangu alikuwa mwizi wa dhahabu ya bonde lile, hakuwa kazini siku hiyo, alijipenyeza kuchokonoa ukingo, na ule mfupa hakuwahi kuugusa. Mwenyekiti wa kitongoji, shemeji yake msimamizi, akasema ndivyo. Na wale waliocheka wakanyamaza, nao nimewaweka humohumo.

Kijijini Mbebe, kwa wakwe zangu, maneno yalifika kabla ya maiti. Mazishi yalikuwa mafupi. Mama mkwe hakuniuliza kitu. Nikahamia Tunduma, mpakani, nakaanga mihogo pembeni ya foleni ya malori. Madereva wa Zambia huniita bamayo, yaani mama kwa lugha yao, wanakula, wanavuka. Jioni nazima jiko, nafungua chumba, hakuna wa kunipa pole.

Mwaka huu redio ikasema mifupa ya kale ya Songwe imepigwa picha na mashine pande zote, imewekwa mtandaoni, kila mtu aitazame. Nikaenda kwa jirani yangu, mfanyabiashara aliyetoka Tanga, mwenye duka na simu kubwa. Aliitafuta mifupa hiyo alipotoka kuswali alasiri. Tulipitia mifupa mingi mpaka nikaujua wangu kwa umbo lake.

"Haya dada, mnyama wenu huyu. Kazunguka dunia nzima, wewe hata kuvuka mpaka hapo Nakonde unaona uvivu."

"Ugeuze chini."

"Chini kuna nini?"

"Geuza tu, kaka."

Akaugeuza kwa kidole. Vilikuwepo. Plasta ilikuwa imebanduliwa, na vishimo vyangu viwili vilionekana vizuri kuliko nilivyoviona siku ile. Pembeni paliandikwa maneno ya Kizungu, akanisomea kwa Kiswahili: mfupa uliharibika kidogo wakati wa kuchimbwa.

"Ndiye huyo," nikasema.

"Nani?"

"Aliyeuharibu. Mume wangu."

Alitaka kucheka, akaniangalia usoni, akaacha.

Nikaomba nimpigie shemeji yangu kule Mbebe. Mama mkwe alishafariki, amebaki huyo. Nikamweleza yote: sururu iliyomeguka, vishimo, kwamba kaka yake alikuwa kwenye kazi aliyopewa, hakuwa mwizi, na dunia nzima sasa inaweza kuona. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji," akasema, "mambo hayo sisi tulishayazika." Akakata.

Wateja waliingia dukani, jirani akaniachia simu, akaenda kuwahudumia. Nikaurudisha ule mfupa kwenye kioo, nikaweka kidole juu ya vile vishimo. Nilipogusa tu, mfupa ukazunguka, vikaenda upande wa nyuma. Nikavirudisha. Nikagusa taratibu zaidi, vikaenda tena.