Tambi za Msiba wa Brody

Kwa miaka kumi na tisa Verna Zelinski alikuwa amewapiga picha wachezaji wa futiboli ya Kimarekani wa mwaka wa mwisho wa shule ya Bitner Run, na kwa miaka yote hiyo walikuwa wakitabasamu. Kijana anapiga goti kwenye nyasi, helmeti mkononi, meno nje, jua la jioni mgongoni, basi. Picha inachapwa kwenye bango, bango linafungwa kwenye uzio wa uwanja, bibi yake anakuja kulipiga picha bango lenyewe, maisha yanaendelea. Hakuna aliyelalamika mpaka Tammy Hlavac, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, alipokwenda kuangalia mechi ya mji wa pili.

"Shoga, kwenye mabango yao vijana wanatisha," alisema, amesimama katikati ya gereji ambayo Verna aliigeuza studio. "Wana jasho, wana matope, nyuma yao radi inapiga. Wa kwetu utadhani wanatangaza mtindi."

"Walicheza kwenye radi?"

"Verna, ni kompyuta ile."

"Najua ni kompyuta."

"Basi tufanyie hivyo hivyo. Leo Jumatatu, mechi Ijumaa. Nipe mfano mmoja tu kesho. Ukishindwa, yule kijana anayewapiga picha wa kule kasema yuko tayari."

Yule kijana wa kule alikuwa na ndevu, na gari lenye jina lake ubavuni. Ule uzio ndio uliomweka mjini. Mtu akiona bango la mjukuu wake anamkumbuka Verna kwa harusi, kwa mtoto mchanga, hata kwa picha ya mbwa. Kuupoteza uzio ilikuwa kupoteza mji mzima.

Na mfano ungekuwa nani? Brody, mtoto wa Tammy mwenyewe. Timu ilikuwa na majitu yenye shingo kama magogo, lakini mama kachagua wake, mashavu kama maandazi na vishimo viwili vya kucheka. Brody alikuwa mpiga teke. Anaingia uwanjani mara nne kwa mechi, anapiga mpira, anatoka msafi kiasi cha kupitiliza kanisani.

Jioni ile, gerejini, Verna aliweka taa mbili nyuma ya Brody, moja kila upande, ili zimchonge taya na mabega, na ya tatu juu mbele, hafifu, ili macho yazame. Akampulizia usoni maji yaliyochanganywa na glisarini, maana maji matupu hutiririka yakaisha na jasho la bandia linatakiwa likae. Matope aliyachota kwenye bustani yake ya maua.

"Fikiria jambo lililokuumiza," alimwambia.

"Sijaumizwa, Bi Verna."

"Miaka kumi na saba, hujaumizwa?"

Brody alifikiri kwa bidii. "Mwaka jana mashine ya soda pale shuleni ilimeza hela yangu."

"Fikiria hiyo."

Akaifikiria, kisha akaanza kucheka. "Ila baadaye ilitoa chupa mbili."

Verna alifyatua mara mia mbili na arobaini. Brody akicheka, Brody akijizuia kucheka, Brody akiuliza kama matope yale yana mbolea. Ya mia mbili na arobaini na moja ndiyo ilimpata: macho yamefinywa, pua imekunjwa, mdomo umepinda kwa uchungu wa mtu aliyezika jeshi zima. Sekunde iliyofuata alipiga chafya.

Jumanne asubuhi alikaa mbele ya kompyuta na kahawa, akifuata video za mafunzo zilizotolewa na wanaume wengine wenye ndevu. Inua vivuli, wakasema. Akainua. Shusha mwanga, ongeza ukali. Akaongeza mpaka kila kitundu cha ngozi kikawa shimo. Punguza rangi. Akapunguza mpaka damu ikamwisha kijana wa watu. Tia giza chini ya mifupa ya mashavu. Brody hakuwa na mifupa ya mashavu, ikabidi Verna amjengee. Mabega na namba ya jezi vikamezwa na giza. Mawingu ya dhoruba aliyatoa kwenye picha aliyopiga siku moja juu ya maegesho ya supamaketi.

Alipomaliza, aliyemtazama kwenye kioo cha kompyuta alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na minne, aliyeachwa na mke, mwenye kifua kibovu cha mgodini. Verna alijua amezidisha. Akamtumia Tammy hata hivyo, na swali: *Nimezidisha?*

Zikarudi alama kumi na moja za moyo. Kufikia alasiri Tammy alikuwa amekwishalichapisha bango. Na kwa kuwa hakuweza kusubiri uzio wa Ijumaa, akalitundika barabara kuu, kwenye nguzo pekee iliyokuwa wazi, mbele ya posta.

Nguzo za barabara kuu, toka juu mpaka daraja la reli, zina mabango ya wanajeshi wa mji, waliorudi na wasiorudi: uso wa kijivu, jina, miaka. La Brody lilikuwa uso wa kijivu, jina la ukoo tu, Hlavac, na 2021–2024, misimu yake minne uwanjani.

Jumatano saa tisa alasiri Bi Dolores Pavlik, ajuza wa mtaani, aligonga mlango wa Tammy na bakuli la tambi za kabichi, bado linafuka. Alifungua Brody, mwekundu wa mashavu, mdomoni ana biskuti.

"Pole, mwanangu," bibi alisema. "Nimemwona pale posta. Baba yako mdogo?"

Brody hakuwa na baba mdogo. Lakini siagi ilinukia.

"Asante, bibi," alisema kwa unyonge wote aliokosa kwenye gereji, akapokea.

Mpaka saa kumi na mbili zilikuwa zimefika tambi za samaki, viazi vya jibini, na mchungaji.

Alhamisi asubuhi Tammy aliingia kwa Verna bila kubisha. "Umeniulia mtoto."

"Mwenyekiti, wewe ndiye uliyetaka radi."

"Nilitaka radi, sikutaka msiba. Mchungaji kaniuliza mazishi lini. Nimsemeje, Ijumaa saa moja, mlete na vuvuzela?"

"Ulimtundika katikati ya wanajeshi, Tammy. Mimi nilidhani unapeleka uwanjani. Hebu mpe yule mwenye ndevu kazi yake, mniache nipige picha za mbwa."

Tammy akakaa kwenye ndoo. Alikuwa na sura ya mtu anayelazimishwa kusema jambo zuri.

"Dolores alilia," alisema. "Alisimama chini ya nguzo akalia. Miaka kumi na tisa, Verna, nani amewahi kulilia picha yako? Kamati imeona. Wazazi wote wanataka. Wote ishirini na watatu, kufikia kesho."

"Kesho."

"Na Brody umrudie. Ile ile, matope, mawingu, kila kitu. Ila aonekane hai."

Verna aliitafuta hiyo kwenye programu. Kulikuwa na ukali, joto, kina, ukungu, chembechembe. Hai haikuwepo. Alipofika kwa Brody, wa ishirini na watatu, macho yakiwa yamemwiva na bustani imebaki bila udongo, alifungua zile mia mbili na arobaini alizozitupa, akachukua ile anayoicheka mashine ya soda kutoa chupa mbili, akaitia dhoruba. Meno hakuyagusa.

Ijumaa uzio ulipambwa: wanaume ishirini na wawili wenye hasira na sura za kufiwa na wake, na mwisho wao kijana mmoja mwenye matope na radi kichwani, anacheka. Bi Dolores Pavlik alipita akiwatazama mmoja mmoja kwa huzuni. Kwa Brody akasimama. Akavaa miwani, akasoma jina, akaangalia mashavu, akaangalia tena.

Kisha akapanda ngazi za jukwaa, akamfuata Tammy mpaka safu ya nne, kumdai bakuli lake.