Nilivyowatetea Wageni Wangu Kituoni

Jumapili tulisherehekea ubatizo wa binti yangu, hapa mtaani kwetu Katuba. Polisi wakaja, wakawapa wageni watatu karatasi za kuitwa kituoni kwa sababu ya makelele ya sherehe. Mimi mwenye nyumba hawakunipa. Sikuelewa kabisa.

Kesho yake nikawasindikiza, nikamfokea mkubwa wa kituo: "Chef, aba bantu balikuwa kimya! Nani alifanya makelele? Utuonyeshe!"

Shemeji yangu, mmoja wa wale watatu, akanivuta shati. "Acha tu, shemeji."

Sikuacha. Basi yule mkubwa akafungua simu, akatusikilizisha walichorekodi Jumapili: sauti ya mlevi ikiimba vibaya kwenye mikrofoni.

Nikacheka. "Huyu mbuzi ni nani?"

Wageni wangu wakainama.

"Ni weye, papa, sauti ni ile ile," mkubwa akasema. "Aba bantu balikatala kutaja jina yako, ndiyo maana tuliwaita bao."